Siapi kwa Baba Tomori

Wiki ya ziara ya mlimani, hapa mjini kwetu Poliçan, kila gari linaloweza kuwaka huletwa gerejini. Wenyewe hawaleti kwa kupenda. Wanasukumwa na wake zao, na mama zao, na ndoto mbaya walizoota. Barabara ya kupanda Mlima Tomori inaanzia hapa mjini, na mtu akishaukumbuka mteremko wake, hata kama mwaka mzima hakufungua boneti, siku hiyo atakuja na kusema, "Fundi, litupie jicho kidogo tu."

Siku hizi mimi sikazi nati. Mgongo wangu ulistaafu kabla yangu. Mwenye gereji ni Mirjeta, binti wa marehemu Feim ambaye nilichonga naye vyuma kiwandani ujana wetu wote, na kwa sababu hiyo huniita Ami. Yeye ndiye anayeendesha mashine ya kupima breki, ile yenye magurudumu ya chuma sakafuni na kompyuta pembeni. Gari linapanda, magurudumu yanazunguka, karatasi inatoka imejaa tarakimu na mistari, mingine ya kijani, mingine myekundu. Hapo ndipo ninapoitwa. Kazi yangu ni kueleza.

Msidhani ni kazi ndogo. Nimeona wanaume wanaojua kuchinja ng'ombe na kujenga nyumba wakiishika karatasi ile kama walioshikishwa mtoto mchanga wa jirani. Wanaikunja, wanafukuzia nzi, wanaondoka. Hawakuelewa kitu, na aibu imewazuia kuuliza. Mimi nilisoma shule ya jioni, baada ya zamu, nikiwa tayari mume na baba, nikikaa dawati moja na vijana wa kunicheka, kwa hiyo aibu hiyo naijua vizuri. Mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Aspasi, hakuwahi kutuambia kwamba jambo ni hivi kwa kuwa kitabu kimesema. Alikuwa anatuletea kitu, tunakishika, tunakigeuza, mpaka kila mmoja anyamaze kwa mshangao wake mwenyewe. Nimejifunza mengi peke yangu tangu hapo, na nasema bila kujificha kwamba mtu akitoka mikononi mwangu anajua gari lake lina nini, na anajua kwa nini.

Kuna jambo la pili, ambalo wengi hapa hawalipendi. Siapi.

Kwetu, neno likitakiwa liwe zito, huwekewa mlima juu yake. Mtu anageuka, anautazama Tomori pale ulipo, mweupe wakati wa baridi na wa buluu wakati wa joto, anasema, "Kwa Baba Tomori," na mazungumzo yamekwisha. Mashamba yamegawanywa kwa kiapo hicho, wachumba wamekubaliwa kwa kiapo hicho, na visasi vimezikwa. Mafundi nao wakakichukua. "Kwa Baba Tomori, pampu imekufa." Mteja anaingiza mkono mfukoni wala haitazami pampu. Niliona kwamba kiapo kikiingia gerejini, macho yanafungwa. Nikasema mimi mteja wangu ataona, hataapiwa.

"Ami," Mirjeta hunitania, "ungeapa walau mara moja kwa siku, tungekuwa tunakula chakula cha mchana mchana."

Basi, siku moja kabla ya siku kuu ya kuchinja, liliingia Benzi la kale, rangi ya mtindi, buti limefungwa kwa kamba. Kati ya kamba na bati kilichomoza kichwa cha kondoo dume, pembe zimepakwa rangi nyekundu, anatutazama kama mkaguzi kutoka wizarani.

Aliyeendesha aliitwa Dalip, mtu wa makamo mwenye mikono mipana ya miaka mingi ya kuchuma machungwa Ugiriki. Kando yake alikaa mama yake, Mama Sadije, kitambaa cheupe kichwani, na macho yake nayo meupe, maana mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili.

"Usta," Dalip alisema kabla hata hajazima injini, akiniita jina letu la heshima kwa fundi. "Nina haraka. Kondoo ana joto, mama ana uzee, na mimi nina hasira. Gonga muhuri tupande."

"Muhuri wa nini? Hapa si posta."

"Breki tu. Mama ndiye anataka. Amesema hapandi mlimani bila gari kuangaliwa, ameota nini sijui."

"Nimeota naita na hakuna anayesimama," Mama Sadije alisema kutoka kitini. "Wewe cheka tu."

Mirjeta alipokuwa akilipandisha gari kwenye mashine, nilimshika mama mkono nikamkalisha kwenye benchi chini ya mzabibu, nikamletea kahawa. Ndipo akaniambia safari yao ilikuwa ya nini.

Dalip alipokuwa na umri wa siku chache tu, alikataa ziwa akaanza kubadilika rangi. Ilikuwa miaka ile ambayo dini ilikuwa marufuku, nyumba za madervishi, watawa wetu, zimefungwa au zimebomolewa, na mtu aliweza kupotea kwa kunong'ona sala. Mama Sadije alitoka nyuma ya nyumba akijifanya anaanika nguo. Akaugeukia mlima. Akaahidi kwamba mtoto akipona, atampandisha juu kwa miguu yake au kwa mnyama au kwa chochote, pamoja na kondoo dume, mpaka kwenye kaburi la walii Abasi Ali kileleni.

"Hata baba yake sikumwambia," alisema. "Nilianika shuka moja mara nyingi mpaka jirani akauliza kama nimerukwa na akili. Jioni mtoto akanyonya."

"Na hukupanda?"

"Ningepandaje wakati ule? Halafu milango ilipofunguka, kila mtu alikimbilia Ugiriki, nasi tukakimbia. Tukakaa huko, kando ya bahari, nikawa nalea wajukuu. Kila mwaka nasema mwaka ujao. Sasa tumerudi, macho yamekwenda, na miguu iko njiani kuyafuata. Nikikosa mwaka huu, kijana, sidhani kama Baba Tomori ataningoja tena."

Aliniita kijana. Nimepita sabini. Sikumsahihisha, nilipenda.

Mirjeta aliniita. Breki za mbele zilikuwa na nguvu. Za nyuma zilikuwa hafifu, na chupa ya mafuta ya breki ilikuwa imepungua kuliko inavyopaswa. Akaliinua gari juu kwa lifti, nami nikaingia chini yake na taa. Juu ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo matope na maji huketi, paipu ya breki ilikuwa imevimba kwa kutu kama mkono wenye upele, na sehemu moja ilikuwa inatoa jasho. Tone moja lilikuwa limening'inia hapo, halianguki, linang'aa.

Nilipotoka, nilimkuta Dalip amesimama, karatasi ya matokeo ameishika kwa mikono miwili nyuma ya mgongo. Tulikuwa tumemteremsha kondoo na kumfunga kwenye nguzo iliyokuwa nyuma yake. Kondoo alikuwa ametafuna karatasi mpaka nusu, mistari myekundu kwanza.

"Aa! Ebo!" Dalip aliruka.

"Mwache amalize," Mirjeta alisema. "Angalau mmoja katika familia ameyasoma matokeo."

Hata Mama Sadije alicheka. Dalip hakucheka. Alitupa kipande kilichobaki.

"Niambie kwa mdomo, Usta. Linapita au halipiti?"

"Halipiti. Paipu inayopeleka mafuta ya breki nyuma imeliwa na kutu. Inavuja tayari. Kwa mteremko wa Kulmak, kule juu mlimani, itapasuka."

"Nani kasema? Jana tu, pale darajani, ng'ombe kakatiza. Nilikanyaga, gari likasimama kama nguzo. Ng'ombe ni shahidi."

"Darajani ni tambarare, na ulikuwa peke yako."

"Nyinyi mafundi!" Aligeuka kumtafuta mtu wa kumuunga mkono, akampata kondoo tu. "Kule pwani fundi mmoja alinibadilishia kitu ambacho baadaye niliambiwa gari hili halina. Halina kabisa! Kesho ni siku yenyewe. Ndugu zangu wako juu tangu juzi, wamepiga hema, wanangoja. Unataka nimwambie mama nini, kwamba amengoja maisha yangu yote halafu tumeshindwa na paipu?"

"Dalip, punguza sauti," Mama Sadije alisema. Akainuka kwenye benchi, fimbo mkononi. "Usta, mimi sijui paipu. Geuka utazame mlima. Je, unaapa kwamba gari ni bovu?"

Mirjeta aliacha kufuta mikono. Alijua nitakachosema.

"Siapi, Mama."

Huwezi kujua uzito wa maneno hayo kama hukuzaliwa huku. Kwetu mtu anayekataa kuapa kwa Baba Tomori amekwisha kujibu. Anajua anadanganya na anaogopa mlima. Hakuna tafsiri nyingine. Mzee aliyekuwa akingoja zamu ya gari lake alijifanya anatafuta kiberiti mifukoni.

"Basi unasema uongo," Mama Sadije alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Umesikia mwenyewe," Dalip akamwambia Mirjeta. "Shusha gari langu."

Mirjeta alinijia karibu, akaninong'oneza. "Ami, mara moja tu. Ni kweli tupu, utakuwa hujamdanganya Mungu wala mtu. Wataanguka hawa."

Nilikifikiria kiapo, siwezi kukana. Niliiona kona ile iliyo chini ya Kulmak, ambapo barabara ni changarawe na ukitazama upande wa kushoto unaona mgongo wa mwewe anayeruka chini yako. Nilimwona mama huyu kwenye kiti cha mbele. Lakini nilijua pia kitakachofuata. Dalip angeteremka mtaa wa chini, kuna mafundi pale, angemwita mmoja na kumkaribisha glasi ya raki, pombe yetu kali, na fundi yule angeutazama mlima huohuo na kuapa kwamba paipu ni nzima. Hapo mama angebaki na viapo viwili, na angechagua kile kinachompandisha. Nani asingechagua hivyo?

"Mama," nikasema, "nipe mkono wako."

"Wa nini?"

"Wewe huoni, mimi siapi. Tutumie vidole."

Alisita. Kisha akacheka kicheko kifupi cha kijijini. "Hata marehemu mume wangu hakuniomba mkono kwa adabu namna hiyo." Akautoa.

Nilimwongoza polepole mpaka chini ya gari lililoinuliwa. Aliposikia sauti ya hatua zake imebadilika, alisimama.

"Kuna nini juu yangu?"

"Gari lenu."

"Lote?"

"Lote."

Alinyoosha fimbo juu, ikagonga bati. Aliganda. "Na limeshikwa na nani?"

"Na mafuta. Yamo ndani ya nguzo hizi, yanasukuma juu. Mirjeta alibonyeza kitufe kwa kidole."

"Mafuta," alisema. "Kama ya kupikia byrek?"

"Ndugu yake."

Akashusha fimbo, akaanza kupumua taratibu kama watu wanavyopumua mahali pa ibada. Nilikichukua kidole chake cha shahada nikakiweka kwenye paipu, mbele, mahali ilipo nzima. Nyembamba, laini, baridi.

"Kama sindano ya kufumia," alisema.

"Fuata. Usiogope, haiumi. Fuata kuelekea nyuma."

Kidole kikasafiri. Nilikuwa nimechukua kitambaa, tayari kumfuta. Dalip alikuwa amesimama na funguo mkononi, mdomo umefunguka kusema jambo, lakini hakuthubutu kumkatiza mama yake. Kidole kikafika juu ya ekseli, kikasimama.

"Hapa pana magome."

"Ni kutu. Chumvi ya bahari ya kule mlikokaa. Endelea kidogo."

"Hapa pana maji." Alikisugua kidole kwenye dole gumba. "Si maji. Yanateleza. Panatoka jasho, Usta."

"Ndiyo, Mama. Hilo ndilo nililosema, na wewe umelikuta mwenyewe."

"Jasho si kifo," Dalip alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nimeshika breki jana ikashika."

"Njoo mezani," nikamwambia. "Na wewe Mama."

Nina kifaa changu. Nilikitengeneza mwenyewe: mabomba mawili ya sindano, moja dogo la kuchomea watoto, moja nene la kulishia ng'ombe dawa, yameunganishwa kwa mpira mwembamba na kujazwa maji niliyoyatia rangi. Nimeyafunga kwenye ubao. Nilimkalisha Mama Sadije upande wa dogo, dole gumba lake juu ya kijiti cha kusukumia. Dalip nilimweka upande wa nene, nikamwambia aweke kiganja juu yake na akandamize.

"Nikandamize kiasi gani?"

"Kama mwanamume."

Akakandamiza. Mishipa ya mkono ikasimama.

"Mama, sukuma kwa dole gumba."

Mama alisukuma. Na kile kiganja kipana cha Dalip, kilichobeba magunia ya Ugiriki, kikaanza kupanda. Kidogo kidogo, lakini kikapanda. Alikunja uso, akaongeza uzito wa bega. Kikapanda tena.

"Ni nani huyo?" aliuliza, kama mtoto. "Ni nani ananisukuma?"

"Mama yako."

Mama Sadije aliupeleka mkono wake mwingine ukapapasa meza, ukaukuta mkono wa mwanawe, akauhisi unainuka. Uso wake ulibadilika. Nimeyaonyesha mabomba yale kwa watu wengi, na wengi hushangaa kidogo kisha wanauliza bei. Yeye hakuuliza bei. Alisukuma, akaachia, akasukuma tena, na kila mara mkono wa mwanamume mzima ulipanda na kushuka chini ya kiganja chake.

"Mimi niko huku," alisema hatimaye, "na nguvu iko kule."

"Ndivyo sheria ilivyo. Maji hayakubali kubanwa, yanaipeleka nguvu popote yalipo. Na kule ni kupana, kwa hiyo inafika ikiwa kubwa kuliko ilivyotoka."

"Inafika ikiwa kubwa kuliko ilivyotoka," alirudia taratibu.

Nilimgeukia Dalip. "Mguu wako kwenye pedeli ndio dole gumba la mama. Gari zima, na nyinyi, na kondoo, mnashikwa na kitu hiki. Sasa tazama."

Nilitoa ule mpira mzima, nikafunga mwingine niliokuwa nimeuparuza kwa wembe mpaka ukabaki na ngozi tu. Nikajaza maji.

"Mama, sukuma polepole. Hii ni darajani, na ng'ombe wa jana."

Alisukuma polepole. Mkono wa Dalip ukapanda. Dalip alinitazama kwa ushindi. "Si unaona? Inashika."

"Inashika. Sasa ni kona ya Kulmak. Gari limejaa, njia inashuka, basi dogo limesimama ghafla mbele yenu. Mama, sukuma kwa nguvu zako zote."

Alikaza midomo akasukuma kwa uzito wote wa bega. Mpira ulipasuka kwa sauti ndogo, kama mtu anayebusu hewa. Maji mekundu yakamrukia Dalip usoni na kifuani, na mkono wake, uliokuwa bado umekandamiza, ukaanguka mezani pu.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kidevu chake. Hakujifuta.

"Umeanguka," Mama Sadije alisema. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya mkono wa mwanawe. "Dalip, mkono wako umeanguka."

"Sitaki kuwatisha kuliko ilivyo," nikasema, maana kutia chumvi nako ni uongo. "Gari lina njia mbili za mafuta, mbele na nyuma. Ya nyuma ikipasuka, ya mbele inabaki. Kwenye tambarare hiyo ingekufikisha nyumbani. Lakini mteremko ule ni mrefu, breki za mbele peke yake zitachemka, na mguu wako utakuta pedeli imezama chini mahali ulipozoea kukuta ukuta. Mtu anayekuta hivyo kwenye kona hana muda wa kufikiri."

Dalip alifuta uso sasa, kwa kiwiko.

Mama Sadije aliinuka. "Mlima uko upande gani?"

Mirjeta alimshika mabega, akamgeuza kwa upole kama anavyogeuzwa bibi harusi, mpaka uso wake ukaelekea mlangoni. Nje, juu ya mapaa na mizabibu, Tomori ulikuwa umesimama wote, hauna wingu, na jua la alasiri liko mabegani mwake. Macho yale meupe yaliutazama sawasawa. Akasogeza kitambaa chake nyuma kidogo kutoka kwenye paji la uso.

"Kwa Baba Tomori," alisema kwa sauti ambayo sikujua anayo, "na kwa Abasi Ali aliyelala juu yake, gari hili halipandi mpaka paipu hiyo itolewe. Nimeigusa mimi." Kisha akanigeukia, au aligeukia mahali nilipokuwa nimesimama. "Wewe hutaki kuapa. Sawa. Mwenye kuapa ni aliyegusa."

Maisha yangu yote nilikuwa nimesikia kiapo kile kikitangulia, na macho yakifungwa nyuma yake. Siku hiyo kilikuja mwisho, baada ya vidole. Yule mzee wa kiberiti alikuwa amevua kofia. Dalip alitikisa kichwa kushoto na kulia, ndiyo, ndiyo, kama tunavyokubali huku, akaniwekea funguo mkononi.

Mgongo wangu niliusahau alasiri ile. Mirjeta alitoa paipu ya zamani vipande vipande, maana haikukubali kutoka nzima, nami nikaketi kwenye mashine yangu ya kale nikakunja mpya ya shaba ngumu, nikapanua midomo yake kama nilivyofundishwa kiwandani, kila kona mahali pake. Ilipokuwa tayari, ilibidi hewa itolewe kwenye mafuta, na hapo anahitajika mtu wa kukanyaga pedeli.

"Mimi," Mama Sadije alisema.

"Mama, hujawahi kukaa kwenye kiti cha dereva," Dalip alisema.

"Na wewe hujawahi kukaa kimya. Nisogezee kiti."

Alivua viatu. Mguu mdogo mkavu ukaipapasa ile pedeli mpaka ukaijua. Mirjeta alikuwa chini na spana, mimi nimesimama kwenye mlango wa gari, nikimwelekeza.

"Kanyaga, Mama! Shikilia. Shikilia. Achia."

"Inazama," alisema mwanzoni. "Kama kukanyaga unga."

"Ni hewa. Endelea. Kanyaga!"

Tuliendelea hivyo, na kila mara alinitangazia, kama daktari anayesikiliza kifua. Unga. Unga mzito. Udongo. Kisha akakanyaga na mguu ukasimama juu juu, na yeye mwenyewe akainuka kidogo kitini.

"Jiwe," alisema. "Usta, sasa ni jiwe."

Kwenye mashine mistari yote ilitoka kijani. Dalip aliipokea karatasi mpya kwa mikono miwili na kuiweka ndani ya shati, mbali na kondoo.

Hawakukubali niwaage. Asubuhi walinipitia, nami nikakaa nyuma, kondoo akinipumulia kisogoni kupitia uwazi wa kiti. Tulipanda pamoja na watu wote, malori, farasi, pikipiki, akina mama kwa miguu. Kileleni upepo ulikuwa wa kumwangusha mtu. Dervishi mwenye ndevu za fedha alimshika Mama Sadije mkono kuingia kaburini, naye aliinua mguu wake juu sana kupita kizingiti, asikikanyage, kama adabu inavyotaka, ingawa hakukiona. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, alimpapasa Dalip uso mzima, nyusi, mashavu, masikio, kama mtu anayehakiki kwamba alicholeta ndicho alichoahidi. Dalip, pamoja na ukubwa wake, aliinama na kumwachia. Mimi nilitazama pembeni, ambako chini yetu kulikuwa na mawingu, na kupitia mawingu mto, mwembamba kama paipu.

Tukashuka alasiri bila kondoo, ndugu wawili wameongezeka kwenye gari. Kwenye kona ile ya Kulmak, basi dogo lililokuwa mbele yetu lilisimama ghafla, kwa sababu farasi alikuwa amekataa kwenda. Dalip alikanyaga. Changarawe ikalia, pua ya Benzi ikainama, na gari likashika. Likasimama pale, zima, na uzito wetu wote ndani yake, ukingoni. Upande wa kushoto mwewe alikuwa anazunguka, na tulimwona mgongo.

Mama Sadije alikuwa ameweka kiganja chake kwenye dashibodi.

"Ni hiyo?" aliuliza taratibu. "Ile nyembamba?"

"Ndiyo hiyo, Mama."

"Imetushika sote?"

"Sote."

Dalip alinitafuta kwenye kioo, macho yake yamelowa. "Usta," alisema, "sasa utaapa?"

"Siapi."

Mama Sadije alicheka mpaka kitambaa kikamteleza. Basi dogo lilipoanza kwenda tena, alivua viatu, akaweka mguu mtupu kwenye sakafu upande wake, na kila kona iliyofuata, Dalip alipokanyaga, naye alikanyaga pamoja naye.